Mita Nyuma ya Kabati

4 Februari

Shikamoo Mama,

Naandika kwa kuwa simu yako imezimwa tena, na najua utasema umeizima kwa sababu nakukatiza maneno. Basi hapa nakupa nafasi: sema yote, nitasoma yote.

Habari yenyewe ni hii. Tangu mwezi huu kila nyumba inaruhusiwa kuchagua wa kuiuzia umeme. Yale mambo ya Shirika la umeme peke yake, utake usitake, yamekwisha. Kampuni yetu imeingia, na ziko nyingine mbili njiani. Mimi, kama ujuavyo, niko kitengo cha wateja wapya, bado katika miezi ya majaribio, na msimamizi wetu ameagiza kila mtu aanzie kwao. "Ukishindwa kumshawishi mama yako," alisema, "utamshawishi nani?" Watu wakacheka. Mimi nikanyanyua mkono, nikasema kwamba mama yangu ni fundi cherehani, mtaa mzima unapitia kwake, na akihama yeye watahama wote.

Bei yetu ni ndogo kuliko ya Shirika. Tena mita yetu hufungwa nje, ukutani, na inajisoma yenyewe. Hesabu inafika ofisini bila mtu kubisha hodi. Hutaona tena msomaji akiingia jikoni kwako na viatu vyake, akivuta lile kabati la vyombo ambalo marehemu Baba alilijenga mbele ya mita, na kukuachia vumbi. Utakaa raha mustarehe, mlango umefungwa.

Fomu imo humu. Tia saini tu, kwingine nimejaza.

Mwanao,
Kasuku


15 Februari

Marahaba, Kasuku wangu,

Fomu imefika. Karatasi yake ni nzuri, ngumu, haikunjamani. Nimeikata ikawa kiolezo cha kola za sare za shule, na kola zinatoka safi sana. Ukiwa na nyingine, leta.

Kuhama sihami. Kwanza, cherehani yangu imezoea umeme wa Shirika. Usicheke. Pili, mtu hamwachi aliyekaa naye miaka yote kwa sababu amepita mwingine anayeuza rahisi. Tatu, nani alikwambia kwamba nimechoka kubishiwa hodi? Tangu uondoke, nyumba hii mwenye sauti ni cherehani, na cherehani haijibu.

Na huyo msomaji unayemsema haingii na viatu. Huvivua mlangoni na kuvipanga, visigino ukutani. Kabati halivuti hovyo kama yule aliyemtangulia, aliyenivunjia bakuli. Huyu huanza kwa kutoa glasi, moja moja, akaziweka mezani, kisha hulisogeza kabati kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani, akasoma, akalirudisha. Na glasi huzirudisha zilivyokuwa. Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kurudisha glasi mahali pake hata siku moja. Mtaani wanamwita Bwana Mita. Kazi ile ni nzito, kwa hiyo humpa chai. Ni ubinadamu tu.

Jirani yetu wa ukuta mmoja sasa ana majokofu mawili na anauzia barafu nusu ya mji. Tunamwita Mama Barafu, naye hakatai. Ameuliza kuhusu hizo bei zenu. Mwandikie mwenyewe, mimi usinitie.

Kula vizuri.

Mama yako


24 Februari

Shikamoo Mama,

Fomu ya pili hii hapa. Tafadhali isiwe kola.

Umeme ni uleule, Mama. Unatoka kwenye mitambo ileile, unapita kwenye waya uleule, unaingia kwenye cherehani ileile. Kinachobadilika ni nani anakuuzia, na kwa bei gani. Kwani wewe uzi unanunua wapi? Yule mzee wa duka la kona ulimwacha mara tu alipoanza kukuuzia uzi unaokatika, na hukumwonea huruma. Ulimwambia mbele ya watu kwamba uzi wake unafaa kufungia paka. Sasa Shirika unalionea huruma ya nini? Lilikukatia umeme bila salamu, sare za shule nzima ziko mezani, na ulilitukana mimi nikisikia. Baadhi ya maneno yale nilijifunza siku hiyo.

Msimamizi ananiuliza kila Jumatatu: "Mama amesaini?" Nilimwambia uko safarini. Sasa anauliza unarudi lini.

Nina swali dogo pia. Katika mafunzo tuliambiwa kwamba msomaji husoma, huandika, huondoka. Hii chai inaingia wapi?

Mwanao,
Kasuku


6 Machi

Kasuku,

Safari umenipa wewe, basi nirudishe wewe. Mwambie mvua imenichelewesha.

La duka la uzi ni kweli, lakini duka la uzi halikuwa na huduma. Shirika siku hizi lina huduma ya kushangaza. Bwana Mita alikuja Jumanne kusoma. Ijumaa akarudi, akasema anataka kuhakikisha alichokisoma Jumanne. Jumatatu akapita tena, akasema kioo cha mita kina ukungu, na yeye hapendi kumwandikia mteja kwa kukisia. Alikuja na kitambaa chake mwenyewe cha kukifutia. Juzi alinikuta nina wateja wa vipimo, akasema hana haraka, akakaa jikoni; na bomba lile linalodondosha maji tangu uko shuleni, akalikaza. Sikumwomba. Nikamwuliza, "Na hili nalo ni la Shirika?" Akajibu, "Fundi, maji na umeme visiachwe karibu karibu." Nikaona ana akili.

Mama Barafu ana kijicho. Mita yake iko nje, inaonekana na kila apitaye, na bado msomaji haitazami. Kila mwezi analetewa bili ya makisio. "Kwako kuna nini, Fundi?" ananipigia kelele juu ya ukuta. "Mita yako ni ya dhahabu?" Nikamwambia kwamba mita yangu ni ya heshima, na yake imekaa barabarani kama mhuni.

Nimejishonea gauni kwa mabaki ya kitambaa cha kijani. Nililivaa Ijumaa, bila sababu. Mapazia ya jikoni pia nimebadilisha.

Fomu yako ya pili imefaa mifuko ya mashati.

Mama yako


14 Machi

Mama yangu,

Barua yako nimeisoma mara ya pili nikiwa nimesimama. Sikia mwanao, na usikasirike: mtu huyo anakuibia.

Hakuna msomaji duniani anayeisoma mita moja Jumanne, akaisoma Ijumaa, akaisoma Jumatatu. Anafuta kioo cha nini? Anajitia fundi bomba kwa nini? Tulionywa katika mafunzo: mchezea mita hujipendekeza kwanza, azoeleke, mpaka mwenye nyumba aache kumtazama mikono. Na jikoni kwako, nyuma ya kabati, nani atamwona? Nilimweleza msimamizi. Alikuna kichwa, akasema kisa kama hiki hajawahi kukisikia tangu aanze kazi.

Kwa hiyo nimeliandikia Shirika, idara ya malalamiko. Kurasa mbili. Nimetaja mtaa, nyumba, na mwenendo wake wote, pamoja na bomba.

Usimfungulie. Usimpe chai. Usiogope, Mama, niko upande wako.

Kasuku


23 Machi

Wewe,

Sikuulizi hali.

Bwana Mita ameitwa ofisini. Amesimamishwa mbele ya meza, akasomewa barua ya binti wa mtu ambaye kikombe chake amekinywea. Mafundi wawili wamekuja hapa, wamelivuta kabati kama wanaovuta gari bovu, wameipima mita, wamekuta ni nzima. Hakuna kilichoibwa. Hata hivyo wamemhamisha. Yuko ghalani upande wa pili wa mji, anahesabu nguzo. Kidogo amwage unga wake kwa ajili yako.

Badala yake amekuja msichana mwenye haraka. Alipenyeza mkono nyuma ya kabati, akaipiga mita picha kwa simu, akasema "Ahsante" akiwa tayari yuko nje. Sikuwahi hata kumwambia karibu.

Kasuku ni jina nililokupa kwa mapenzi ulipokuwa unajifunza kusema. Sasa naona nilibashiri.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mama yako


28 Machi

Kwa Binti wa Fundi,

Hunijui, ingawa umeniandika kurasa mbili. Mimi ndiye msomaji wa mita. Barua yako nilisomewa mbele ya mkubwa wetu, na nakiri kwamba imeandikwa vizuri. Penye habari za bomba nilionekana mtu hatari kuliko nilivyojijua. Anwani yako niliiona juu yake.

Sikuandikii kukulaumu. Mtoto anayemlinda mama yake hana kosa. Wamekwisha kuthibitisha kwamba mita haikuguswa, nawe ujue hivyo, ulale usingizi. Lakini uliposema kwamba nimeisoma kupita kiasi, ulisema kweli. Mkubwa aliniuliza sababu. Nikamjibu kwamba mita ile ina tabia ya kubadilika. Akasema, "Mita zote hubadilika, bwana, ndiyo kazi yake."

Jibu lenyewe nakupa wewe. Mimi nimefiwa na mke, na watoto wangu wana nyumba zao. Kazi yangu ni kuingia nyumba za watu, kutazama kisanduku ukutani na kutoka, na wenye nyumba husema nami huku wakikitazama kisanduku. Mama yako alinitazama mimi, akaniuliza kama nimekula. Ndiyo yote. Kuanzia siku hiyo, kila nikipanga njia yangu asubuhi, njia inapinda yenyewe kuelekea kwake.

Liko jingine, na hili hukulitia katika barua yako kwa kuwa hukulijua. Mama yako alinionyesha fomu zenu kabla ya kuzikata, akaniuliza, "Wewe mtu wa umeme, unaonaje?" Bei zenu nazijua na zetu nazijua. Kwa cherehani inayokimbia tangu asubuhi, kwenu ni nafuu, wala halina ubishi. Lakini mita yenu inajisoma. Ukiwa na mita ya kujisoma, msomaji ana haja gani nyumbani kwako? Basi nikainamia chai yangu, nikanyamaza. Tangu hapo chai ile hainishuki vizuri.

Kupita mtaa ule kikazi nimekatazwa. Na bila kazi, sijui mtu hubisha hodi akasema amefuata nini. Nakuomba umwambie mama yako ahame, na umwambie kwamba ni mimi niliyesema.

Nakusalimu kwa heshima,
Msomaji wa Mita


3 Aprili

Shikamoo Mzee wangu,

Nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto. Nimefanya kazi ya kukuharibia kwa bidii ambayo kampuni yangu haijawahi kuipata kwangu. Nisamehe. Shirika nimeliandikia tena, ukurasa mmoja safari hii, nikafuta kila nilichosema isipokuwa kwamba umelikaza bomba.

Ujumbe wako sitaufikisha. Sikatai kwa ubaya. Yako maneno ambayo mtu mwingine akitumwa kuyasema yanaharibika njiani. Hayo ya bei yetu na bei yenu nenda ukamwambie mwenyewe. Na hayo mengine pia.

Kuhusu hodi, watu hubisha kila siku bila kufuata kitu, Mzee. Nenda Jumamosi mchana, cherehani ikinyamaza. Usivae sare ya Shirika. Akikufokea usirudi nyuma. Akinyamaza ndipo uogope. Na akikukaribisha jikoni, omba ukae sebuleni.

Hatajua kwamba tumeandikiana.

Kasuku


3 Aprili

Mama,

Ulisema nisiandike, nami naandika. Jina ulilonipa ndilo linaloniponza.

Nilidhani nakulinda, kumbe nakunyang'anya. Nilizisoma barua zako zote nikaona mita, glasi na bomba. Wewe mwenyewe sikukuona. Gauni la kijani lilikuwa limesimama mbele yangu na sikuliona. Nisamehe.

Habari za kuhama sitazitaja tena. Kaa na Shirika, kaa na mshumaa ukitaka. Nimemwambia msimamizi ukweli kwamba hukuwa safarini na kwamba huhami. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, na majaribio yangu yanakwisha mwezi ujao. Iwe itakavyokuwa. Hilo ni langu, lisikuguse.

Kasuku


17 Aprili

Kasuku wangu,

Nimekusamehe. Kaa chini, maana ni ndefu.

Nilikwenda Shirika, ofisi kubwa. Nilikwenda na Mama Barafu, na nyuma yetu wanawake wa mtaa, kila mmoja na lake: huyu bili, yule makisio, mwingine amekuja kwa kuona tumejipanga. Kijana wa dirishani hakunyanyua kichwa.

"Namtaka msomaji wangu," nikamwambia.

"Msomaji hachaguliwi na mteja, mama."

"Na bei, nachagua?"

"Bei imekwisha kupangwa."

"Siku ya kukatiwa umeme?"

"Hiyo hutokea tu."

"Sasa mimi hapa nachagua nini?"

Akafikiri, maskini. Wallahi alifikiri. "Dirisha," akasema. "Hili, au lile la pili."

Mama Barafu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikamwambia yule kijana, "Basi leo nimechagua mlango," nikatoka, na wote wakanifuata.

Kutoka hapo hatukwenda nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwenye tawi lenu jipya karibu na posta, tukajaza fomu, na sikumwambia mtu kwamba karatasi ile naijua. Mama Barafu peke yake hakusaini. Alimhoji yule mwuzaji wenu mpaka jasho likamtoka, kisha akavuka barabara akaihoji na ile kampuni nyingine iliyofungua juzi, akarudi akatuambia kwamba ile nyingine inauza rahisi usiku, na majokofu yake hugandisha usiku. Amekwenda huko. Usinune. Nimeitazama hesabu yake, na kwake inafaa. Sisi wengine tunashona na kupika mchana, kwetu inafaa ya kwenu. Yeye amehama kwa akili, mimi nimehama kwa hasira. Bili ikifika ndipo nitaanza kusema kwamba nilihama kwa akili.

Mafundi wenu walikuja Jumatano. Mita iko nje, ndogo kama kopo la sabuni, inajisoma kimya kimya. Ile ya zamani imeondolewa. Kabati nimelisukuma likagusa ukuta, na usiku ule sikuwa na furaha. Sasa naweza kukwambia: nilihisi kwamba nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Shirika limemchukua, na mimi nimeiondoa sababu yake ya mwisho ya kurudi.

Jumamosi nimezima cherehani, nasikia hodi. Nikafungua. Mtu amevaa shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Sikumtambua mara moja, kwa kuwa sijawahi kumwona bila ile sare. Kabla sijamkaribisha, Mama Barafu amekwisha kuchungulia juu ya ukuta.

"Bwana Mita! Hapa hatuna mita yenu tena! Umekuja kusoma nini?"

Maskini akasimama pale, mikono hajui aiweke wapi.

"Fundi," akaniambia, "nimekuja kukwambia neno nililokuficha. Kampuni ya mwanao ni nafuu kwako. Nilijua tangu mwanzo. Uliniuliza, nikanyamaza."

"Nimekwisha kuhama."

"Lini?"

"Jumatano."

Akatazama kile kikopo ukutani. "Kwa hiyo sina la kusoma hapa."

"Huna."

"Na nimekuja."

"Nakuona," nikasema.

Nikamwambia pita jikoni, akaniomba, kama haitakuwa taabu, akae sebuleni. Sijui alipata wapi ujasiri huo. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, magoti pamoja, akasema aliyokuja kusema. Hayo sikuandikii, si yako. La mwisho lilikuwa swali, na nimemwambia angoje, nina mtoto wa kumwuliza.

Basi nakuuliza. Itakuuma? Sema kweli, usiseme kwa kunifurahisha. Kabati la baba yako liko palepale, wala hakuna atakayeligusa. Lakini wewe ni mwanawe, na kabla ya kumjibu mtu huyu nataka kujua moyo wako umekaaje.

Mama yako


22 Aprili

Mama,

Iliniuma kidogo. Nilikwenda chooni kazini nikalia, na katikati ya kulia nikakumbuka "Dirisha, hili au lile la pili," nikaanza kucheka, na mwenzangu aliyekuwa nje akauliza kama aniitie daktari. Ndivyo moyo wangu ulivyokaa.

Nimemkumbuka Baba akijenga lile kabati, wewe ukimwambia, "Sasa mita itasomwa vipi?" na yeye akijibu, "Atakayetaka kuisoma ataona njia." Ungemsikia leo akicheka.

Mkubalie, Mama. Mkubalie kwa roho nyeupe.

Na hili la kazini sijui nilielezeje. Mtaa wetu mzima umeingia kwa siku moja, isipokuwa Mama Barafu. Msimamizi aliita kikao, akanisimamisha mbele ya wote, akasema nimepita majaribio, kisha akaniomba niwafundishe wenzangu mbinu niliyoitumia. Nimesimama pale, Mama, nimewatazama, nimewaambia: "Anza kwa kumsikiliza mteja." Waliandika wote.

Mwanao,
Kasuku


27 Aprili

Kasuku,

Ruhusa yako imefika, imebusiwa, imewekwa mahali pazuri. Ila ujue ilimkuta Bwana Mita amekwisha kujibiwa tangu Jumapili. Wewe nilikuuliza kwa adabu.

Omba likizo. Nitumie na kipimo chako cha kiuno, usiniletee cha mwaka jana.

Mama yako


12 Juni

Kasuku wetu,

Tangu upande basi siku ile baada ya harusi, watu bado wanazungumza jinsi ulivyocheza na Mama Barafu. Anasema una deni lake la kiatu. Picha zimetoka, katika zote Bwana Mita amesimama wima kama nguzo za ghalani kwake, isipokuwa moja ambapo mpiga picha alimwambia, "Mzee, tazama mke, usitazame kisanduku changu." Hiyo nimeitundika.

Bili ya kwanza ya kwenu imefika. Kwa hiyo nilihama kwa akili.

Sasa sikia ya Jumamosi iliyopita. Mambo yamegeuka mtaani. Miaka yote Shirika lilitukatia bila salamu, na leo sote tunabembelezwa kama maharusi. Wauzaji wanapishana mlangoni. Mama Barafu amewawekea benchi, wangoje zamu yao juani, na ile kampuni aliyoichagua tayari imempunguzia tena kwa kuogopa asiondoke. Basi Jumamosi nasikia hodi, natoka, namkuta nani? Meneja wa Shirika, yeye mwenyewe, tai shingoni, kalenda kwapani, viatu vimejaa vumbi. Tangu nizaliwe sijamwona meneja wa Shirika akienda kwa miguu.

"Mteja wetu mpendwa," akaniita.

Nikamwambia mimi si mteja wake, ila kupendwa sikatai.

Akaeleza. Bei wameshusha. Makisio wameacha. Mita watanifungia popote ninapotaka, hata juu ya paa, bure. Nikamsikiliza kwa heshima, kwa kuwa bei ikiwa nzuri mtu husikiliza, na mwakani nitazitazama tena zote, ya kwenu ikiwamo; usifikiri kwamba nimefunga ndoa na kampuni yako pia. Nikamwambia kwamba kwa sasa nimeridhika.

Akasogea, akapunguza sauti. "Mama, tumefanya uchunguzi. Tumeambiwa kwamba mtaa huu mlihama kwa sababu ya msomaji mmoja tuliyemhamisha. Lilikuwa kosa letu. Sasa nakuahidi mimi mwenyewe: saini hapa, urudi kwetu, na kabla ya mwezi kwisha mtu huyo nitamrudisha nyumbani kwako."

Nikageuka, nikaita, "Mwenzangu! Njoo mara moja, una mgeni."

Akatoka jikoni, miguu mitupu, kitambaa cha vyombo begani. Meneja macho yakamtoka pima. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama zile fomu zake.

"Wewe!" akasema. "Unafanya nini hapa?"

"Leo Jumamosi, bosi," akajibu. "Niko nyumbani."

Mama yako